Majumba Yaliyoachwa na Deni la Kodi: Yaliyofanyika Flint, Michigan

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za maendeleo)





Kila mmoja wetu analijua pagale la mtaani kwake. Mwenyewe alifariki au alihama, ndugu hawaelewani, milango imeng'olewa, na kina mama hawapendi kupita hapo baada ya magharibi. Ukiuliza kwa mwenyekiti wa mtaa, jibu ni lile lile: lina mwenyewe. Tumeombwa kueleza namna miji inavyoweza kuyarudisha majengo kama hayo katika matumizi, hasa yale yenye deni la kodi. Tumeuchagua mji wa Flint, katika jimbo la Michigan, Marekani, kwa kuwa wenzetu wa huko wamelifanyia kazi jambo hili kwa zaidi ya miaka 20, na makosa yanaonekana sawasawa na mafanikio.

Flint ni mji wa magari. Kampuni ya General Motors ilianzishwa hapo mwaka 1908. Sensa ya 1960 ilikuta watu karibu 197,000. Ile ya 2020 ilikuta 81,252. Viwanda vilipofungwa watu walifuata kazi kwingine, lakini nyumba haihami. Aliyeondoka aliacha kulipa kodi ya jengo, na mji ukabaki na mitaa yenye nyumba tupu, majani yakifika kiunoni.

Sheria ya zamani ilizidisha ugonjwa. Deni la kodi lenyewe liliuzwa kwa watu binafsi, nao walilipia serikali kisha wakamdai mwenye nyumba pamoja na riba. Mlolongo huo ungeweza kuchukua hadi miaka saba. Aliyenunua deni alitaka riba yake, nyumba haikumhusu. Kwa miaka yote hiyo paa linavuja, mabomba yanaibwa, na hakuna wa kupiga msumari kwa sababu haijulikani nyumba ni ya nani.

Mwaka 1999 bunge la jimbo lilipitisha Sheria namba 123. Deni halikuuzwa tena. Lilikwenda kwa mweka hazina wa kaunti. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi, baadaye asilimia 1.5, na mwaka wa tatu mahakama inaweza kuikabidhi nyumba kwa serikali. Kabla ya hapo ni lazima wahusika watafutwe, waandikiwe, na nyumba itembelewe. Jambo kubwa ni kwamba hukumu hiyo hutoa hati safi. Tunalisisitiza hilo kwa sababu wengi wetu hufikiri tatizo la pagale ni fedha za ukarabati. Mara nyingi tatizo ni hati. Nani ataweka bati jipya juu ya nyumba yenye wadai watatu na warithi saba?

Hata hivyo hati safi ikipelekwa moja kwa moja mnadani, atakayeipata ni mwenye fedha mkononi siku hiyo. Ndiyo sababu mwaka 2002 Kaunti ya Genesee, ambamo Flint imo, chini ya mweka hazina wake Dan Kildee, ilianza kuzishika nyumba hizo yenyewe. Sheria ya jimbo ya mwaka 2003 ikaviruhusu vyombo vya namna hiyo, vinavyoitwa benki za ardhi. Jina lisiwapotoshe, haikopeshi mtu. Ni chombo cha umma kinachopokea majengo yasiyotakiwa na kuamua kwa utulivu: hili libomolewe, hili likarabatiwe, hili auziwe jirani.

Hilo la jirani limetugusa sana. Mwenye nyumba iliyo kando ya kiwanja kitupu huweza kukinunua kwa bei ndogo na kukiunganisha na chake, akapanda bustani au kuweka uzio. Vikundi vya mitaa, vikiwemo vya makanisa, hulipwa posho kufyeka viwanja vilivyobaki. Maelfu ya nyumba mbovu zimebomolewa. Na yako makubwa pia: Hoteli ya Durant, iliyofunguliwa 1920 na kufungwa 1973, ilichukuliwa na benki ya ardhi mwaka 2005, na mwaka 2010 ikafunguliwa tena ikiwa na nyumba za kupanga zaidi ya 90.

Fedha zinatoka wapi? Sehemu ni riba na ada za waliochelewa. Sehemu ni nusu ya kodi ya kila jengo lililouzwa na benki, kwa miaka mitano ya kwanza. Na kwa muda mrefu sehemu ilikuwa faida ya nyumba nzuri zilizouzwa ili kubomoa zile mbaya.

Hapo ndipo tunapotaka mtusikilize vizuri, ndugu wajumbe, kwa sababu hapo ndipo pana dhambi. Mashine inayochukua nyumba tupu kwa haraka huchukua kwa haraka ile ile nyumba ya mjane. Katika kaunti ya Wayne, penye Detroit, nyumba zilipigwa mnada kwa wingi baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, bei ikianzia dola 500. Nyingi zilikuwa na watu ndani. Walanguzi walizinunua kwa mafungu, wakapangisha bila kulipa kodi, na baada ya miaka michache zikarudi mnadani zikiwa mbovu zaidi. Isitoshe, wengi walitozwa kodi kwa thamani iliyopita kiasi. Detroit ilimaliza kuthamini upya nyumba zake mwaka 2017 tu.

Katika kaunti nyingine ya jimbo hilo, mtu alibakiza deni la dola 8.41, nyumba ikauzwa dola 24,500, na kaunti ikabaki na zote. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Michigan ilisema ziada ni mali ya mwenye nyumba. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hivyo hivyo katika kesi ya bibi wa miaka 94 wa Minneapolis. Wako waliolalamika kwamba hukumu hizi zinakausha fedha za kubomolea mapagale. Ni kweli zimewapunguzia. Lakini sisi tunaona mahakama zilikuwa sahihi: pagale la mjini lisibomolewe kwa jasho la bibi mmoja. Na bado kuna mtego, maana kule Michigan fomu ya kudai ziada ina tarehe ya mwisho, 1 Julai, na wanaoikosa si wenye mawakili.

Sheria ya 1999 iliacha mlango mmoja: mweka hazina anaweza kumwongezea muda mwenye shida. Maofisa waliotumia mlango huo, wakabisha hodi na kuwauliza watu kilichowapata, waliokoa nyumba nyingi zisiwe tupu. Hiyo ni rahisi kuliko kubomoa.

Kwetu Tanzania mambo yana sura nyingine. Ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia luku mwaka 2021. (Pagale lisilo na umeme, basi, luku haitalikumbusha mtu.) Hatuwezi kunakili sheria ya Michigan. Kinachowezekana ni kazi ya kwanza waliyoifanya wao, ya kujua jengo lipi ni lipi.

Baada ya chai kila kamati itapewa karatasi yenye safu mbili. Upande mmoja andikeni majengo ya mtaani kwenu yasiyo na mtu kabisa. Upande wa pili, yale yenye deni ambayo jioni taa huwashwa, hata kama ni kibatari. Tutaanza na safu ya pili.