Nyumba ya Daktari Kwanza

(Hotuba ya Mweka Hazina kwenye harambee ya mwaka, Dar es Salaam)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wetu, wazee wetu, kina mama na kina baba, ndugu zetu wana-Ludewa wa mwambao wa Ziwa Nyasa,

Mwaka 2007 Serikali ilipoanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, lengo lilikuwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Tulichanga. Wazee wakasomba mawe na mchanga, kina mama wakabeba maji, majengo yakasimama. Lakini jengo halitibu mtu.

Tulipokuwa tunafunga hesabu za mwaka huu, tulipitia pia vitabu vya miaka ya nyuma. Tulikuta vitanda, magodoro, rangi, jenereta, hata mapazia. Hatukukuta shilingi iliyotumika kwa mahali anapolala daktari. Madaktari wawili wameshapangiwa kituo chetu. Wa kwanza alipanga chumba kisicho na umeme, mke na watoto wakabaki mjini. Mwaka haukwisha akaomba uhamisho. Wa pili aliripoti, akakaa wiki chache, akapanda boti.

Matokeo yake tunayajua. Mama akishindwa kujifungua usiku na mwera unavuma, boti haitoki, na njia ya kupanda Milima ya Livingstone hadi Ludewa mjini ni ndefu mno kwa mtu anayevuja damu. Katika daftari letu la rambirambi yamo majina ya kina mama ambao upasuaji wa mapema ungewaokoa.

Tumezoea kuwalaumu madaktari. Lakini tuseme kweli: sisi tulio ukumbini humu nasi tuliondoka. Tulikuja kusoma, tukapata kazi, tukajenga Mbagala na Kibaha. Wamo humu madaktari na wauguzi waliozaliwa mwambao. Tutamdaije mgeni avumilie tuliyoshindwa wenyewe?

Kuajiri na kupanga watumishi ni kazi ya Serikali, na Halmashauri tutaendelea kuikumbusha. Kazi yetu ni kumfanya anayekuja atake kubaki. Kwa hiyo mwaka huu tunaomba kitu kimoja tu: nyumba ya daktari yenye vyumba vitatu, umeme wa jua, tangi la maji ya mvua na choo cha ndani. Kijiji kimeshatoa kiwanja, na matofali yanachomwa. Tunachotafuta leo ni saruji, mbao, bati, na nauli ya boti ya kuvifikisha.

Kila atakayechanga atapewa stakabadhi, na hesabu zitabandikwa kwenye ubao wa kijiji, si hapa mjini tu. Mwenye uwezo wa mfuko mmoja wa saruji atoe mmoja. Mwenye uwezo wa bando la bati atoe bando. Na madaktari walio kati yetu, nyumba ikikamilika, njooni likizo mtibu watu, hata kwa wiki moja.

Ahadi ni deni. Fomu za ahadi ziko mezani kwa Katibu.