Rafiki Aliyetoka Upasuaji wa Moyo

Mgonjwa aliyepasuliwa kifua kutibiwa moyo, tuseme pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hurudi nyumbani na mfupa wa kifua uliofungwa kwa waya. Kuunga kwake huchukua wiki 6 hadi 12. Muda wote huo asibebe ndoo ya maji, asitwange, asifue, asisukume kitu kizito. Hapo ndipo marafiki mnapohitajika, tena mnahitajika kweli.

Mara nyingi siku ya kwanza nyumba hujaa wageni, mgonjwa akakosa hata lepe la usingizi. Upendo huo ni mkubwa, lakini ugaweni kwa zamu: mmoja ateke maji, mwingine apike chakula kisicho na chumvi nyingi, mwingine amsindikize kutembea, leo hadi kwa jirani, kesho mbele kidogo.

Aliyewekewa vali bandia ya chuma hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Mkumbusheni saa ya dawa, mpelekeni kupima damu, na msimpe dawa za maumivu za dukani wala mitishamba bila daktari kujua, maana anaweza kuvuja damu. Mchicha, unaoweza kupunguza nguvu ya warfarini, haukatazwi, ila kiasi kisibadilike sana wiki hadi wiki.

Akilia ovyo au kujitenga, kaeni naye; huzuni huwapata wengi baada ya upasuaji huu. Ikizidi wiki mbili, daktari aambiwe. Lakini homa, usaha kwenye kidonda, pande za mfupa wa kifua kugongana, miguu kuvimba au pumzi kubana ni mambo ya kumrudisha hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki.