Vijiji vya Juu Vinalipa Njia Mara Mbili

Hotuba ya karani mmoja wa mgodi, iliyosemwa mbele ya wafanyakazi na watu wa mji wa Shabunda.



Mmeniita niseme juu ya vijiji vya juu, vile vilivyo upande wa kutokea jua, pale msitu wetu unapopanda kwenda Nzovu na Kigulube mpaka kukutana na milima ya Kahuzi. Wengi wenu mmezaliwa huko. Wengine mmezaliwa hapa mjini, na milima ile mnaijua kwa jina tu na kwa mizigo inayoshuka siku ya soko. Mimi kazi yangu ni kuandika na kuhesabu. Basi nitahesabu mbele yenu polepole, kila mtu afuate kwa vidole vyake.

Kuna neno linalosemwa hapa, hata na watu waliosoma, kwamba watu wa juu ni maskini kwa sababu ni wavivu, ama kwa sababu wameshikwa na mambo ya zamani. Nataka tuliweke neno hili juu ya mizani kama tunavyoweka kasiterite.

Twende na gunia moja la chumvi. Linatoka Bukavu juu ya lori. Linapita Burhale, linafika Nzibira. Kutoka Bukavu mpaka hapa Shabunda kwa barabara ni zaidi ya kilomita 300, na ramani inaonyesha mstari mzuri mwekundu. Lakini ramani haina matope. Kuna miaka lori lilivuka, kuna miaka mingi halikuvuka. Mahali lori linaposhindwa, gunia linapanda pikipiki au kinga. Kinga hapo haiendeshwi, inasukumwa kama punda. Mahali kinga inaposhindwa, gunia linapanda mgongo wa mtu, na kamba inakaa kwenye kipaji cha uso. Na kila penye kizuizi, awe mtu wa serikali au mtu wa bunduki tu, mkono unanyooshwa. Hao wote wanakula juu ya lile gunia. Anayewalipa si mfanyabiashara. Yeye anaongeza bei, basi. Anayelipa ni mama wa kijijini anayenunua kijiko kimoja kimoja.

Sasa mama yule naye ana maharage. Anataka kuyauza mjini. Yanashuka njia ile ile, kwa mgongo ule ule, mbele ya vizuizi vile vile. Mfanyabiashara anapofika kijijini kuyanunua anasema: mjini yanauzwa hivi, njia itakula hivi, basi wewe nakupa kilichobaki. Kwa hiyo akinunua, analipa njia. Akiuza, analipa njia tena.

Tuchukue mfano. Hizi si bei za soko, ni za kufundishia tu. Tuseme mjini kipimo cha chumvi ni 10, na kipimo cha maharage ni 10. Mtu wa mji anatoa kipimo kimoja cha maharage, anapata kipimo kimoja cha chumvi. Tuseme njia inakula 10 juu ya chumvi, kwa hiyo kijijini chumvi ni 20. Tuseme njia inakula 6 juu ya maharage, kwa hiyo mama anapewa 4. Gawanyeni wenyewe: 20 kwa 4. Mama anatoa vipimo vitano vya maharage apate kipimo kimoja cha chumvi. Amelima mara tano ya yule wa mji, na jioni wanaonja chumvi sawa. Huyo ndiye tunayemwita mvivu!

Na ndiyo sababu vijana wa juu wanaacha shamba wanashuka shimoni. Gramu ya dhahabu haiogopi matope, inapita vizuizi ndani ya kinywa. Kilo ya kasiterite inaweza kulipa mgongo wa mbebaji na bado ikabakiza kitu. Maharage hayawezi. Kwa hiyo mlima unaoweza kulisha mji unakula muhogo wake wenyewe, na sisi mjini tunakula mchele uliotoka mbali kwa ndege. Wale wanaosema vijana wamependa mchezo wa mashimo, waanze kwanza kuhesabu njia.

Watu wengine watauliza: kwa nini basi wakakaa kule mbali? Wazee waliopo hapa wanajua jibu, lakini watoto hawafundishwi. Warega wa zamani hawakupanga vijiji kwa kufuata barabara. Walikaa kwa ukoo, karibu na mashamba yao, mawindo yao na mito yao, na njia za miguu ziliunganisha watu. Ni serikali ya Wabelgiji iliyowatoa vijiji vingi ndani ya msitu ikawapanga kando ya barabara za magari, ipate kuwahesabu, kuwatoza kodi na kuwakamata kwa kazi. Kila kijiji kilipewa kipande cha barabara cha kulima majani na kuziba mashimo, na kantonye alisimama juu yao. Hata Bwami, shule kubwa ya heshima ya Warega, serikali hiyo iliipiga marufuku mwaka 1948. Basi watu walivutwa kutoka kwenye mambo yao wakaletwa barabarani. Halafu barabara yenyewe ikafa. Leo kuna vijiji vilivyojipanga mistari miwili, nyumba kwa nyumba, na katikati yake mnapita mbuzi. Watu waliifuata barabara kwa nguvu ya fimbo, na barabara imewakimbia.

Ilikufa namna gani? Hapa sisi watu wa mgodi tuna la kusema, kwa maana barabara zetu nyingi zilikuwa mikia ya migodi. Kampuni za zamani zilitengeneza njia, viwanja vya ndege, maduka na nyumba za waganga, si kwa huruma, bali ili bati itoke. Mwaka 1976 kampuni hizo ziliunganishwa zikawa SOMINKI. Oktoba 1985 bei ya bati duniani ikaanguka vibaya. Hakuna mtu wa Shabunda aliyeulizwa, lakini daraja la Shabunda ndilo lililooza. Kampuni ilipopungukiwa, ilipunguza kwanza barabara, na mwaka 1997 ikaisha kabisa. Kisha vita vya 1998 mpaka 2003: njia ya kwenda shambani tu ilikuwa hatari, na mama zetu waliteswa humo vibaya kuliko ninavyoweza kusema mbele ya watoto. Baada ya amani ya karatasi, wenye bunduki walibaki kwenye njia. Nayapita haya haraka kwa sababu mnayajua kuliko mimi.

Baada ya barabara kufa tukaishi kwa ndege. Hii nayo ihesabuni. Ndege ndogo inaleta sabuni, chumvi, dawa na nguo kwa sababu inajua itarudi na kasiterite. Bila mzigo wa kurudi, mwenye ndege haoni faida. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji na biashara ya madini katika Kivu zote mbili na Maniema, na mwaka ule ule Marekani ilitoa sheria ambayo watu wetu waliipa jina la sheria ya Obama. Kusimamishwa kuliondolewa Machi 2011, lakini wanunuzi wengi wa mbali hawakurudi upesi. Waliotaka kuwanyima wenye bunduki fedha walikuwa na haki ya kutaka hivyo, mimi sipingi. Lakini kasiterite iliposimama, ndege nazo zilipungua, na ndege zilipopungua, sabuni na dawa zilipanda bei. Mtoto wa mlimani mwenye malaria alikuwa amefanya biashara gani ya bunduki? Na tena Februari 2025, uwanja wa Kavumu ulipoingia mikononi mwa M23, tumeona mara nyingine nini maana ya kuwa na mlango mmoja tu, na ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.

Kuna jambo moja linaloniudhi zaidi. Wanasema njia haiwezekani, milima ni mikali, mvua ni nyingi, mito inakata. Haya. Mwaka 2014 na 2015 dhahabu ya Ulindi ilipowaka, mashine za kunyonya mchanga zilielea juu ya mto wetu huu. Zilikuwa na chuma, mota, mipira na mapipa ya mazutu. Zilifikaje? Hazikuota kama uyoga. Zilifika kwa sababu kuna mtu alitaka zifike. Mota ya dhahabu ilipata njia, lakini mgonjwa wa kijijini bado anabebwa juu ya tipoyi, vijana wanne chini, wanne wanasubiri zamu, na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anahesabu vilima.

Nalo jambo la Hifadhi ya Kahuzi-Biega lisisahauliwe. Ilianzishwa mwaka 1970 kwa hektari 60,000. Mwaka 1975 mipaka yake ilipanuliwa ikafika hektari 600,000, ikashuka mpaka ndani ya nchi yetu, na vijiji vikajikuta ndani ya mstari bila kuhama hata hatua moja. Kwa watu hao, kukata mti wa kutengenezea daraja kunaweza kuwa kosa. Sokwe ni mali yetu sote, na wageni waje wawaone. Lakini binadamu aliye ndani ya mpaka naye apite kwa miguu mikavu.

Sasa shule. Septemba 2019 serikali ilitangaza kwamba masomo ya shule za msingi za serikali ni bure. Neno zuri, na nalisifu, maana mimi mwenyewe nilisomeshwa na wamisioni kwa jasho la mama yangu. Lakini fuateni mwalimu wa kijiji cha juu. Tangu mwaka 2011 mishahara ya watumishi ilianza kupitishwa benki. Huku kwetu benki iko wapi? Mahali pasipo na benki Caritas ilipewa kazi ya kuwapelekea walimu mishahara, na hata hivyo fedha husimama pale njia inaposimama. Basi mwalimu anafunga shule, anachukua fimbo yake, anashuka. Siku kadhaa za kushuka, siku za kungoja kwenye mstari, siku za kupanda. Njiani analala kwa watu, anakula kwa deni, anatoa kitu kwenye kizuizi. Akifika darasani ana nusu ya mshahara, na watoto wamesahau hesabu ya kugawanya. Hata mwalimu analipa njia mara mbili: kwa mfuko wake na kwa siku za watoto.

Ajabu moja ni hii: habari haina shida ya kupanda. Kwenye foni ya wafanyabiashara, bei ya dhahabu ya Bukavu inafika kijijini kabla ya jua kuzama. Chumvi inafika baada ya majuma.

Tufanye nini? Wako wanaosema tungoje lami ya serikali. Mimi sisemi tusidai. Mwaka 2008 serikali iliunda mfuko wa kutunza barabara, FONER, na mfuko huo unalishwa na sehemu ya bei ya kila lita ya esansi na mazutu. Maana yake kila kijana wa pikipiki aliyeko hapa analipia barabara kila anapojaza tangi, hata kama barabara yenyewe hajaiona tangu azaliwe. Tunayo haki ya kuuliza katika Bakisi na katika Wakabango, kwa barua iliyosainiwa: fedha ya njia inayotozwa kwenye vizuizi inaandikwa katika kitabu gani, na nani anakisoma kitabu hicho?

Lakini tukidai tu lami, tutazeeka tunadai. Kijiji cha juu hakihitaji lami kwanza. Kinahitaji daraja la magogo lisilobebwa na mvua ya Novemba, mfereji wa kutoa maji kando ya mteremko, na ngazi za mawe pale mbebaji anapoteleza. Hizo sisi tunaziweza. Nani anajua kufunga magogo ndani ya shimo yasiporomoke juu ya vichwa vya watu? Ninyi. Nani anajua kugeuza maji ya kijito yapite anapotaka? Ninyi, kila siku, kwa ajili ya kuosha mchanga. Sisemi turudi kwenye salongo ya lazima, wazee wanakumbuka ilivyotumiwa kuwaonea watu. Nasema kazi ya hiari, kila kundi la shimo lichukue daraja moja kwenye njia ya kijiji kinacholilisha, na wafanyabiashara watoe misumari, kamba na posho, kwa sababu wao watakuwa wa kwanza kuchuma faida. Na bei ya chumvi ikishuka, tutawauliza kama nao wameishusha.

Nimeleta daftari. Ukurasa wa kushoto ni jina la mto au kijito, wa kulia ni hali ya daraja: zima, bovu, au hakuna. Mpaka sasa nimeandika vijito 17 kwa njia moja tu ya kupanda, na vilivyo na daraja zima ni vinne. Njia nyingine sizijui. Mama wanaobeba mizigo ndio wanaozijua kuliko sisi sote, kwa hiyo ninawaomba wao waje kwanza, kabla ya wanaume. Nitakaa hapa nyuma ya kanisa Jumapili baada ya misa, na Jumapili itakayofuata, mpaka kurasa ziishe.