Amana ya Mwenye Kuomba Kazi na Amana ya Mwenye Kuajiri



Enyi ndugu Waislamu mliokusanyika msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani, madukani na safarini, leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni la maofisi, wala hawadhani kuwa lina mlango wa kuingilia msikitini. Nalo ni udanganyifu wa mtu anayeomba kazi: anayeleta cheti kisichokuwa chake, au anayetaja kazi asiyopata kuifanya, au anayechukua jina la ndugu yake aliyesoma akalivaa kama kanzu ya kuazima.

Mwezi wa Aprili 2017, huko Tanzania, ilitangazwa taarifa ya kuhakikiwa kwa vyeti vya watumishi wa serikali. Vyeti vililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani, wakaonekana watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Kando ya hao palikuwa na vyeti 1,538 ambavyo kila kimoja kilitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Na huko Kenya, mwaka 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilieleza kuwa katika vyeti vilivyokaguliwa vilipatikana 2,067 vya kughushi. Hatuzitaji hesabu hizi ili kuwacheka watu. Bila ya shaka miongoni mwao wamo waliokuwa wakisimama nasi safu moja, bega kwa bega, na baadhi yao walikuwa wachapa kazi hodari. Tunazitaja ili isemwe wazi kwamba jambo hili si uvumi.

Mtu husema: "Nimemdhulumu nani? Kazi naifanya, na mshahara nautolea jasho." Basi na tumwonyeshe aliyemdhulumu. Yupo kijana aliyekaa chini ya taa ya kibatari miaka minne, akafanya mtihani wake kwa mkono wake, akapata daraja la kadiri, akaliandika kama lilivyo katika barua yake ya maombi. Nafasi ilikuwa moja. Ikachukuliwa na mwenye karatasi nzuri zaidi, iliyopigwa chapa uchochoroni. Kijana yule hakuambiwa sababu. Alirudi kwao akidhani kuwa yeye ndiye aliyepungukiwa, na mama yake akauza mbuzi wa pili ili apate nauli ya kwenda kujaribu mji mwingine. Huyo ndiye mwenye haki, na mwenye cheti cha uongo hamjui hata sura yake wala jina lake, na hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili, kwani utamwomba radhi nani?

Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina, akaona fungu la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikagusa umaji. Akamuuliza mwenyewe, naye akatoa udhuru kuwa mvua ndiyo iliyoipiga. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyorowa juu watu wapate kuiona, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Hadithi hii husomwa mara nyingi, lakini watu huipita mbio. Mtume hakutosheka na kutazama fungu kwa juu, alitia mkono. Na pili, hakumkataza mtu yule kuuza nafaka iliyorowa. Alichokitaka ni umaji uwe juu. Na mwenye kuomba kazi ni hivyo hivyo. Elimu kidogo haimvunjii mtu heshima, wala kufeli somo, wala kuachishwa kazi mahali fulani. Aibu ni kuvifukia chini na kupanga punje kavu juu.

Huenda mtu akauliza: je, haifai kujisifu mbele ya mwajiri? Yafaa, kwa kadiri ya kweli. Nabii Yusuf (A.S.) alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akataja sifa mbili, kuhifadhi na kujua, ambazo ndizo hasa zilizohitajiwa na kazi ile, naye alikuwa nazo zote mbili. Hakutaja nasaba yake, na nasaba yake ilikuwa ya Manabii! Na katika Surat al-Qasas tunamwona binti wa yule mzee wa Madyan akimshauri baba yake amwajiri Musa (A.S.), kwa sababu ya nguvu zake na uaminifu wake. Wafasiri wamepokea kuwa baba hakuridhika na maneno matupu, akamuuliza binti yake amezijuaje nguvu hizo na uaminifu huo. Naye akaeleza aliyoyaona kisimani, na namna Musa alivyotangulia mbele njiani ili macho yake yasimwelekee. Mzee yule alifanya jambo ambalo wenye maofisi wengi hawalifanyi: alimhoji mwenye kutoa sifa, ijapokuwa alikuwa ni mwanawe.

Watu wa kale walilijua jambo hili, wala hawakuliacha hivi hivi. Mwaka 319 wa Hijra, yaani 931 Miladia, mjini Baghdad, mgonjwa mmoja alikufa kwa kosa la tabibu. Habari ikamfikia Khalifa al-Muqtadir, naye akamwamuru muhtasib, msimamizi wa masoko na kazi za watu, amzuie kila mtu kutibu mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit, mkuu wa matabibu. Wakaja kwake watu mia nane na sitini na kitu, mbali na wale waliokuwa mashuhuri kwa elimu yao. Akaja na mzee mmoja mwenye mavazi mazuri na haiba kubwa. Sinan akamheshimu, akamkalisha karibu yake, na watu walipotoka akamuuliza amesoma kwa nani. Mzee akatoa katika mkono wa kanzu yake karatasi yenye dinari, akaziweka mbele yake, akakiri kuwa hajui kusoma vizuri wala kuandika, lakini ana watoto na riziki yake ni hiyo, akaomba asikatiwe. Sinan akacheka. Akamwachia, kwa sharti asimpe mgonjwa asichokijua, wala asiamrishe kutolewa damu wala dawa ya kuendesha ila kwa maradhi mepesi. Mzee akasema hiyo ndiyo njia yake tangu zamani, na dawa zake hazikupita sharubati. Kesho yake akaja kijana nadhifu. Akaulizwa amesoma kwa nani. Akasema, kwa baba yangu. Na baba yako ni nani? Yule mzee wa jana! Sinan akamwambia naye asipite mpaka wa baba yake.

Wanahistoria wanakihadithia kisa hiki kwa kuchekesha. Dinari zile hazifai kuigwa, na twasema wazi kuwa kuweka fedha mbele ya mtahini ni mlango wa rushwa. Lakini tazameni namna ya kuuliza. Sinan hakuuliza "Je, wewe ni tabibu?" kwani hapana ambaye angejibu la. Aliuliza mwalimu wake ni nani, na swali hilo ndilo lililoutoa ukweli. Na alipoujua ukweli, alimpa mtu kazi ya kadiri yake.

Wanavyuoni wa Hadithi walikuwa na mizani kama hiyo. Mpokezi akidai kuwa amesikia kwa sheikhe fulani, waliuliza: mlikutana mji gani, mwaka gani, na sheikhe alikufa lini? Wengine walinaswa kwa tarehe tu, wakaonekana wamedai kusikia kwa mtu aliyekwisha zikwa. Mwajiri wa leo naye aige. Mtu akisema alikuwa mshika hesabu miaka sita, asiulizwe kama anajua hesabu. Aulizwe daftari lilifungwaje mwisho wa mwezi, zilipopungua fedha alifanya nini, na mkubwa wake alikuwa nani. Mwongo huandaa mwanzo wa hadithi na mwisho wake, katikati hapajui. Fundi apewe mbao, dereva apewe usukani, mpishi apewe jiko. Cheti kitazamwe cha asili, na namba yake ipelekwe kwa waliokitoa. Na barua ya sifa isithibitishwe kwa namba ya simu iliyoandikwa ndani ya barua hiyo hiyo, kwani huenda anayejibu ni binamu yake. Siku hizi barua ya maombi yaweza kutungwa na mashine, nzuri kuliko mwombaji mwenyewe, na mahojiano yakifanywa kwa simu yaweza kuwa na mtu wa pili pembeni akinong'ona majibu. Kwa hivyo hapana budi mtu aonekane uso kwa uso akiifanya kazi.

Hapa huinuka swali: je, huku si kupelelezana kulikokatazwa? Jawabu limo katika Surat al-Hujurat. Aya ya 6 inaamrisha kuichunguza habari inayoletwa na asiyeaminika kabla ya kuifuata. Na aya ya 12, katika sura hiyo hiyo, inakataza dhana mbaya na kupekua siri za watu. Mambo haya hayagongani. Alilolileta mtu mwenyewe mezani, cheti chake, miaka yake ya kazi, jina la mwajiri wake wa zamani, hilo amelitoa lithibitishwe, na kulithibitisha ni haki. Ama kuuliza majirani anagombana vipi na mkewe, au kabila la mama yake ni lipi, hiyo ni pekuapekua iliyokatazwa, na haimfanyi mtu kuwa karani bora. Na wachunguzwe wote sawasawa. Anayemchunguza mgeni na kumwachia mpwa wake hatafuti ukweli.

Sasa tuwageukie wanaoandika barua za sifa, nasi tunajihesabu miongoni mwao: maimamu, waalimu wa vyuo, masheha, wenyeviti wa mitaa. Mtu huja baada ya sala, akasema, "Sheikhe, niandikie kuwa mimi ni mwaminifu." Nasi twaona haya kumkatalia. Sayyidna Umar (R.A.) amepokewa kuwa alimuuliza mtu aliyemsifu mwenziwe: wewe ni jirani yake? Umesafiri naye? Umefanyiana naye muamala wa fedha? Alipojibu la kwa yote, akamwambia kuwa hamjui, pengine amemwona akiinuka na kuinama msikitini tu. Barua ya sifa ni ushahidi, na ushahidi wa uongo umetajwa pamoja na madhambi makubwa kabisa. Tuandike tunalolijua: "Ninamjua kuwa huhudhuria sala," na tukomee hapo. Na mwajiri akituuliza juu ya aibu ya mtu inayohusu kazi yenyewe, Imam an-Nawawi ameeleza kuwa kumnasihi mwenye kutaka ushauri si katika kusengenya kulikoharamishwa, maadamu hatuvuki haja.

Wenye kuajiri nao wasijidhani wamesalimika. Wako wanaotangaza nafasi hali imekwisha gawiwa, wakawasafirisha vijana mia kuja kutazamwa bure. Wako wanaotaka miaka mitano ya uzoefu kwa kazi ya kufagia na kubeba mafaili, na kijana aliyetoka shule jana aitoe wapi miaka hiyo ila katika uongo? Uongo wake ni dhambi yake, lakini aliyemchimbia shimo ana fungu lake.

Limebaki swali ambalo huletwa kwetu kwa sauti ya chini, baada ya darasa. Mtu aliingia kazini zamani kwa cheti cha kaka yake, amelea watoto kwa mshahara ule, sasa ana hofu ya Mola wake. Afanye nini? Wanavyuoni wamekhitalifiana. Wako waliosema kuwa mshahara wa kazi aliyoifanya barabara na anayoiweza ni halali yake, na juu yake kuna toba ya udanganyifu. Na wako waliokaza zaidi, wakasema kilichojengwa juu ya uongo hakisimami. Sisi twaelekea kauli ya kwanza kwa yale yaliyopita, na twaona kuwa haki ya jasho haifutiki yote. Huko Tanzania nako, mwaka 2022, serikali iliamua wale walioondolewa kwa vyeti vya kughushi warejeshewe michango ya hifadhi ya jamii waliyokatwa katika mishahara yao. Lakini kauli hiyo si ruhusa ya kuendelea. Ikiwa kazi yake ni ya uuguzi, au dawa, au umeme, au ya kuendesha chombo cha abiria, naye hakuisomea, basi aiache leo, asingoje mwisho wa mwezi. Hadithi imemfanya anayetibu bila ya kujulikana kwa utabibu kuwa mdhamini wa madhara. Na ikiwa ni kazi isiyohatarisha roho za watu, basi aende kwa mkubwa wake, aitaje kasoro yake, aombe kazi ya elimu yake ya kweli, hata kama ni ya chini na mshahara wake ni nusu. Akifukuzwa, asimlaumu aliyemfukuza.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwetu na kwenu.