Kabla ya Kushika Shoka
(Mazungumzo kwa viongozi wa walei na wajumbe wa jumuiya ndogo ndogo)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya mti mmoja: ule uliosimama katika shamba la mtu au nyuma ya kigango, ambao mwenye shamba au kamati ya ujenzi imekwisha amua kuuangusha. Mtashangaa kwa nini Tume ya Haki na Amani ijishughulishe na mti. Sababu ni kwamba sheria ya misitu inapovunjwa, mara nyingi anayekamatwa ni maskini aliyeshika shoka, wala si tajiri aliyelipia mbao.

Tuchukue mfano. Mama mjane ana mvule katika shamba lake la mihogo. Marehemu mumewe aliukuta mti huo ukiwa mkubwa, akauacha alipofyeka. Anakuja mnunuzi, anamtajia fedha zinazotosha ada ya mtoto, na siku mbili baadaye msumeno unalia alfajiri. Gari likiondoka, kinachobaki ni kisiki, na kisiki hakina pa kukimbilia. Maafisa wanapofika wanamkuta mama na kisiki chake. Jina la mnunuzi halijui, na stakabadhi hana.

Mama huyu aliamini kwamba aliye na shamba ndiye mwenye mti. Imani hiyo ni ya wengi wetu, nayo ni nusu ya kweli. Msaji au mchungwa alioupanda mtu kwa mkono wake ni mali yake, ingawa hata yeye atahitaji hati akitaka kusafirisha mbao zake. Lakini Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, inampa Waziri mamlaka ya kutangaza katika Gazeti la Serikali aina za miti zisizokatwa bila kibali, hata zikiwa nje kabisa ya msitu wa hifadhi. Mvule ni mmoja wao. Hali kadhalika mpingo na mninga. Desturi hiyo si mpya, kwani miti iliyohifadhiwa ilikuwapo katika sheria ya mkoloni, na wazee wa Handeni wanaijua tangu ujana wao.

Sisi wa pwani tuna jambo la ziada, nalo ni mikoko. Hapa hakuna haja ya kuuliza kama huu ni mkandaa, mchu, msinzi au mlilana. Mikoko yote ya Tanzania Bara, tangu Moa kule mpakani hadi mto Ruvuma, ni misitu ya hifadhi ya Serikali. Mpango wa usimamizi ulioandaliwa na Profesa Adelaida Semesi mwaka 1991 ulikadiria kuwa ni hekta zipatazo 115,000. Kwa hiyo boriti za kuezekea banda la kigango, zikitoka mikokoni, zina mwenyewe tayari. Na mahali pengine mwenyewe si mmoja: Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, imeingia hadi wilaya ya Pangani, na tangu mwaka 2009 kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti upande wa Kigombe. Anayeruhusiwa na ofisi moja asidhani ameruhusiwa na zote.

Basi aulizwe nani, na kwa namna gani? Kwanza ijulikane ardhi yenyewe: ni ya kijiji, ni msitu wa hifadhi wa kijiji, au ni hifadhi ya Serikali? Hilo mwenyekiti na kamati ya maliasili ya kijiji wanapaswa kulijua. Kijiji chenye msitu wake na mpango uliokubaliwa kina sauti kubwa. Kinaweza kutoa kibali na kupata mapato yake. Wanakijiji wa Kipumbwi na Sange, huko Pangani, walikaa na Serikali katika miaka ya 1990 wakapatana jinsi ya kuitunza mikoko pamoja. Nawataja kwa sababu wapo wanaosema kuwa mwananchi hana la kufanya mbele ya bwana misitu.

Pili, ijulikane aina ya mti. Hapa ndipo watu hukwama, maana majina yanatofautiana. Tunaouita mbambakofi, mwenzetu wa bara huuita mkongo, na Msambaa au Mbondei anaweza kuwa na jina lake tena. Msiende ofisini na jina tu. Chukueni tawi lenye majani, kipande cha gome, na tunda kama lipo, mkamwonyeshe afisa misitu wa wilaya au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu. Angalieni pia mahali mti uliposimama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari, shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira ya hapo.

Tatu, jibu liwe kwa maandishi. Neno la mdomo la afisa, hata akiwa mwema, haliwezi kuonyeshwa kizuizini. Mti unaoruhusiwa una leseni na stakabadhi ya malipo. Magogo hugongwa nyundo ya misitu. Mbao husafiri na hati yake. Na hapa nawaambia wanaokaa katika kamati za ujenzi: mbao za kenchi zikiletwa kwa bei ya chini mno, ulizeni hati kabla ya kulipa. Sadaka ya waamini isimnunulie mtu mwingine kesi.

Maandiko hayako mbali na jambo hili. Kumbukumbu la Torati 20:19 linawakataza askari wauzingirao mji kuiangamiza miti yake ya matunda kwa shoka. Ikiwa vita havikuwa ruhusa, ujenzi wetu utakuwaje? Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alitoa ujumbe wake wa Siku ya Amani ya tarehe 1 Januari 1990 juu ya uumbaji, na Baba Mtakatifu Fransisko akauandikia waraka mzima mwaka 2015.

Nimeulizwa kabla ya mkutano: je, mti ukianguka wenyewe kwa upepo? Msiupasue. Toeni taarifa kijijini siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi wawili, kwa sababu gogo likishakatwa vipande hakuna awezaye kuthibitisha kwamba ni upepo.

Kuhusu yule mama, namwomba kila mwenyekiti wa jumuiya awatembelee wajane wenye miti mikubwa mashambani kabla wanunuzi hawajawafikia, na awaeleze mambo matatu ya kumdai mnunuzi: jina lake kamili, leseni yake, na malipo mbele ya mjumbe wa serikali ya kijiji. Anayekataa mojawapo, aondoke na msumeno wake.

Sasa nayakaribisha maswali yenu.