Kazi ya Uuguzi: Jibu kwa Ndugu Aliyeuliza



Katika mkutano wa tawi ndugu mmoja alisimama akasema kwamba binti yake amemaliza shule na ataka kusomea uuguzi, naye baba hapendi. Alisema ni kazi ya kutumwa na daktari na kusafisha wagonjwa. Watu wakacheka. Sisi tuliahidi kumjibu.

Karibu sote tumepata kulazwa au kumlaza mtu wetu. Daktari hupita asubuhi, hutazama, huandika, huenda zake. Abakiye ni muuguzi. Yeye ndiye apimaye joto na mapigo ya moyo, ahesabuye matone ya maji yaingiayo mshipani, amgeuzaye mgonjwa asiyejiweza ili asipate vidonda vya mgongo. Saa tisa za usiku pumzi ya mgonjwa ikibadilika, yeye ndiye wa kwanza kujua, na asipojua upesi daktari naye huenda akakuta mambo yamekwisha. Je, huko ni kutumwa? Na katika zahanati nyingi za mashambani hakuna daktari hata mmoja. Muuguzi huzalisha, huchanja watoto, hutoa dawa, na hesabu ya stoo ni yake pia. Kusafisha mgonjwa, ni kweli, husafisha. Aonaye haya kwa hilo na amkumbuke aliyemwosha yeye siku aliyozaliwa.

Wala kazi hii haiokotwi njiani. Husomewa miaka mitatu au zaidi, kisha kuna mtihani wa Baraza la Wauguzi, na asiye na leseni haruhusiwi kumgusa mgonjwa. Mwezi wa Mei 2022 muuguzi wa Marsabit, Anna Qabale Duba, alipewa huko Dubai tuzo ya wauguzi wa dunia nzima, dola 250,000. Alikuwa amejenga shule kijijini kwao, ambamo watoto husoma na wazazi wao nao husoma.

Sasa tuseme jambo chungu. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za serikali waligoma tangu tarehe 5 Juni hadi Novemba, wakidai mkataba wao. Maskini waliumia, maana mwenye fedha alikwenda hospitali za kulipia. Wengi wetu tuliwalaani wauguzi, sisi ambao mikataba yetu wenyewe tumeipata kwa kugoma! Hatukwenda hata mara moja kuwauliza mtu mmoja hulinda wagonjwa wangapi usiku. Aibu hiyo ni yetu.

Mwaka 2021 serikali yetu ilipatana na Uingereza kwamba wauguzi wa Kenya waende kufanya kazi kule. Hatumlaumu aendaye, kwani ana watoto wa kulisha. Twauliza tu imekuwaje mtu aliyehitimu akose kazi hapa, na huku wodi zetu zina upungufu wa wauguzi.

Basi ndugu, mwache binti asome. Umwambie pia ukweli, kwamba zamu ya usiku huchosha na mshahara wenyewe bado ni wa kupigania. Wenye watoto wa kiume nao wasikilize, maana wauguzi wanaume wapo na wanahitajiwa. Kama karo ndiyo shida iliyofichwa nyuma ya maneno yale, njoo kwa karani wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi, tuone la kufanya.