Mvua Ikianza Katikati ya Mashindano

(Maelezo yaliyotolewa na dawati letu la vijana na michezo mbele ya mkutano wa robo mwaka wa kamati za parokia)



Katika mkutano uliopita vijana wa parokia za milimani walileta ombi la kuandaa mashindano ya kushuka mlima kwa baiskeli. Baadhi yenu mliliunga mkono papo hapo. Wengine mliuliza, tena mliuliza kwa haki kabisa, kwamba mvua ikinyesha siku hiyo itakuwaje. Hatukuja leo kuwashawishi mkubali wala mkatae. Tumekuja kueleza mchezo huu unavyokwenda ardhi inapolowa, maana huko milimani kwetu mvua haina miadi na mtu.

Katika mchezo huu washindani hawaondoki kwa pamoja kama tunavyoona kwenye mbio za barabarani. Kila mmoja hushuka peke yake, saa ikimhesabia, kupitia njia nyembamba yenye mawe, mizizi na kona kali. Siku ya fainali anashuka mara moja tu. Mshuko mmoja huchukua kama dakika 3 hadi 5, na mara nyingi kinachomtenga wa kwanza na wa pili ni kipande cha sekunde. Mambo yenyewe yalianza kama mzaha. Mwaka 1976 vijana wa Marin, California, nchini Marekani, walianza kushindana kushuka barabara ya vumbi karibu na mji wa Fairfax kwa baiskeli kuukuu, zile zenye breki ya nyuma ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Breki zilipata moto hadi grisi ikaungua na kutoa moshi, ikabidi zifunguliwe na kujazwa grisi upya. Ndiyo sababu njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza tena. Mwaka 1990 ubingwa rasmi wa dunia wa mchezo huu ulishindaniwa kwa mara ya kwanza huko Durango, Colorado.

Sasa tufike kwenye swali lenu. Katika mashindano ya Kombe la Dunia hufanyika kwanza mchujo, na yule aliyekuwa na kasi kuliko wote kwenye mchujo ndiye anayeondoka wa mwisho siku ya fainali. Siku ya jua utaratibu huu ni mzuri, watazamaji wanakaa roho juu hadi mwisho. Lakini mvua ikianza katikati, walio bora ndio wanaokuta njia imeharibika, na wale waliotangulia wamekwisha kushuka kwenye pakavu. Je, hiyo ni haki?

Mwaka 2007 huko Champéry, kwenye milima ya Uswisi, mvua kubwa ilianza fainali ikiendelea. Matti Lehikoinen wa Finland ndiye aliyeshinda. Sam Hill wa Australia alishuka wakati njia imekuwa kama mfereji wa maji, lakini alipofika chini saa ilimpa nafasi ya tatu. Hadi leo wapenzi wa mchezo huu wanautaja mshuko ule wa nafasi ya tatu mara nyingi kuliko wanavyoutaja ushindi wenyewe. Mwaka 2011 mlima huohuo ukaandaa ubingwa wa dunia, na mvua ikaja tena. Danny Hart wa Uingereza, kijana wa miaka 19, alishuka kwa dakika 3 na sekunde 41 na kumwacha aliyemfuata, Mfaransa Damien Spagnolo, kwa zaidi ya sekunde 11. Kumbukeni tumesema kwamba kawaida wanatenganishwa na kipande cha sekunde.

Mji wa Lourdes, Ufaransa, wengi wenu mnaufahamu kwa hija. Juu ya mji huo kuna mlima uitwao Pic du Jer, na mwaka 2017 Kombe la Dunia lilianzia hapo. Mvua ilikuja wakati vigogo bado wanasubiri zamu yao huko juu. Alexandre Fayolle, Mfaransa ambaye hakuwa miongoni mwa waliotazamiwa, alikuwa amekwisha kushuka, akabaki chini akitazama majina makubwa yakija mmoja baada ya mwingine, yamejaa matope, bila kufikia muda wake. Akashinda nyumbani kwao. Mwaka huohuo huko Mont-Sainte-Anne, Kanada, mvua ilifanya vilevile, ila safari hii Aaron Gwin wa Marekani, aliyekuwa kati ya wa mwisho kuondoka, alishuka kwenye matope na akashinda.

Wapo wanaosema Fayolle alishindiwa na mawingu. Sisi hatukubaliani nao. Utaratibu wa kuondoka ulijulikana na kila mmoja kabla ya tone la kwanza kuanguka, na hakuna aliyeubadilisha mvua ilipoanza. Dhuluma ingekuwa kusimamisha saa kwa ajili ya mtu mashuhuri, au kuwarudisha juu walioshuka pakavu. Kwa hiyo neno la kwanza tunaloziomba kamati ni hili: amueni mapema, kwa maandishi, mvua ya kiasi gani itasimamisha mashindano, na nani mwenye sauti ya kusimamisha. Mkianza kubishana siku yenyewe, mtashindwa kuelewana, na kijana aliyeko juu atakuwa anatetemeka kwa baridi akisubiri.

Tuje kwenye hatari. Watu wengi hudhani matope ndiyo adui. Matope yana afadhali, tairi huzama kidogo ikapata pa kushika. Adui ni mzizi uliolowa, hasa uliobanduka gome, na jiwe laini lenye ukungu wa kijani. Mzizi unatakiwa uvukwe ukiwa umeukabili, gurudumu likiuelekea moja kwa moja. Ukiuvuka kwa ubavu, gurudumu la mbele linateleza kuufuata, na kabla hujajua umelala. Na juu ya mzizi usishike breki hata kidogo. Breki hushikwa kabla, mahali ambapo ardhi inashika, kisha vidole vinalegezwa na baiskeli inaachwa ipite. Hapo ndipo panapowashinda wengi. Mwoga anabana breki mahali pabaya kwa sababu hapo ndipo anapoogopa, na ndipo anapoanguka. Macho nayo yawe mbele, kwenye njia ya kutokea, yasibaki kwenye jiwe unaloliogopa.

Wenzetu hawa hawategemei ujasiri peke yake. Siku ya kwanza kabisa hawapandi baiskeli, wanaitembea njia yote kwa miguu, wanasimama kwenye kila kona wakijiuliza maji yatapita wapi. Ikinyesha, mafundi hufunga tairi za matope, zenye meno marefu yaliyoachana ili matope yasigande, na upepo hupunguzwa kidogo. Njia ikiwa mchanganyiko wa matope na mawe, fundi huchukua koleo na kukata meno hayo yawe mafupi. Chini ya uma wa mbele hufungwa kipande kidogo cha plastiki kuzuia matope yasirukie machoni, na zamani miwani iliwekwa ngozi nyembamba za plastiki ambazo mshindani alizibandua moja moja akiwa kwenye mwendo. Kofia ni ile inayofunika uso na kidevu, na magoti hufungwa kinga.

Baiskeli zenyewe ni ghali, zina shokapu mbele na nyuma zenye mwendo wa kama milimita 200, na breki za diski. Jambo la breki tunaomba mlisikilize kwa makini, hasa ninyi wafadhili mliokwisha kuuliza kama vijana hawawezi kutumia baiskeli walizonazo. Diski iko katikati ya gurudumu, mbali na matope, na hata ikilowa hukauka haraka inapobanwa. Baiskeli zetu nyingi zina vyuma virefu vinavyobana raba kwenye rimu ya chuma. Rimu hiyo ikilowa, raba inateleza tu. Kila aliyewahi kushuka na gunia la mkaa siku ya mvua anajua: unabana mpaka mkono unauma, baiskeli inaendelea kwenda, unaishia kukanyaga tairi kwa ndala. Ndugu zetu wa Burundi wanaoteremsha mikungu ya ndizi kutoka Bugarama hadi Bujumbura wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Barabara ile inashuka zaidi ya mita 1,000 kufikia Ziwa Tanganyika, na wao wanashuka na mzigo mzito kuliko wenyewe, wengi wakitumia nyayo kama breki. Ni mafundi wa kweli. Lakini wanafanya vile kwa sababu ya riziki, na sisi hatuwezi kumwomba kijana afanye vile kwa ajili ya kikombe.

Kwa hiyo msimamo wetu ni kwamba baiskeli ya breki za rimu ya chuma isishuke siku ya mvua, hata kama mwenyewe analia. Kama fedha hazitoshi kununua baiskeli za diski kwa wote, zinunuliwe chache, vijana wazipokezane. Kila mmoja anashuka peke yake kwa zamu, kwa hiyo inawezekana kabisa.

Waangalizi ndio gharama inayosahaulika. Mtu akianguka kwenye kona yenye ukungu, anayefuata haoni. Katika mashindano makubwa waangalizi husimama kandokando ya njia wakiwa na bendera, na anayesimamishwa kwa bendera nyekundu hupewa nafasi ya kushuka upya, bila kulaumiwa. Kwetu tunataka kila mwangalizi aweze kumwona mwenzake wa juu na wa chini. Tumeipima njia iliyopendekezwa na vijana, na kwa hesabu hiyo wanahitajika watu 22, wenye makoti ya mvua na filimbi, pamoja na machela mbili na gari linalosubiri chini likiwa na dereva ndani.

Vijana wameahidi kuchimba mifereji ya kutoa maji kwenye kona tatu za juu na kukata mizizi iliyolala ubavu pale penye mikaratusi. Mvua za kwanza za vuli zikishanyesha, Jumamosi itakayofuata tutaitembea njia yote pamoja nao, kuanzia saa moja asubuhi. Kila kamati itume watu wawili, waje na buti za mvua.